Ini la Dada Sevim

Soko la aprikoti la Malatya, nchini Uturuki, lilikuwa limefurika, na jua la Julai halikuwa na huruma kwa mtu. Nesrin, ndani ya gauni la buluu na kitambaa chekundu shingoni, aliwapimia wateja matunda makavu kwenye kibanda cha mama yake. Mbele yake akasimama kijana mrefu aliyevaa barakoa. Alipopokea kifurushi, mkono ulimtetemeka hadi aprikoti zikamwagika mezani.

"Ini?" Nesrin akauliza taratibu.

"Umejuaje?"

"Baba yangu alitetemeka hivyohivyo alipopandikizwa ini. Ni zile dawa. Zioshe kwanza, kaka, usije ukaniletea kesi."

"Nikizila hivihivi, utakuja kuniona wodini?"

"Wodi nimezichoka," alijibu, lakini alicheka.

Huyo ndiye Tuncay, fundi wa cherehani. Dada yake, Sevim, alikuwa amekatwa kipande cha ini, Tuncay akapandikizwa. Mapenzi yake na Nesrin yalikolea kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Vidonge je?"

"Nimemeza, muuguzi wangu. Unataka nikuapie kwa cherehani?"

Lakini damu ilisema mengine. Kila alipopimwa, ile dawa ya kuuzuia mwili usilikatae ini ilionekana kidogo mno, na ini likaanza kuumia. Daktari wake, mwenye foleni ndefu na subira fupi, akamwambia mbele ya Nesrin, "Wewe humezi dawa."

Baba yake Nesrin naye aliapa hivyohivyo kwamba anameza. Walipokwisha kumzika, walivikuta vidonge kwenye chungu cha maua.

"Utameza mbele yangu, asubuhi na jioni," alimwambia Tuncay nje ya hospitali.

"Mimi si mtoto, Nesrin. Kama mpaka unione, basi huniamini."

"Sikuamini."

"Basi tusidanganyane."

"Siwezi kumzika mwongo wa pili, Tuncay. Nimechoka."

Tangu hapo Nesrin hakupokea simu zake. Na tuseme haki: Tuncay hakuwahi kuruka kidonge hata kimoja. Ila kumwita mgonjwa mwongo ni kazi nyepesi kuliko kutafuta sababu, na waliokwisha kuuguza sana huwa wepesi wa kuamini mabaya.

Majira ya kupukutika majani, Sevim alipiga simu.

"Wifi, usikate. Daktari mpya ametupima vinasaba, mimi na mdogo wangu. Kumbe kuna watu wanaozaliwa na ini linaloiunguza dawa ile haraka kuliko wenzao. Mimi ni mmojawapo. Nimempa ini lenye ulafi."

"Kwa hiyo alikuwa..."

"Anameza. Siku zote. Sasa wamemwongezea dozi na damu imetulia. Ini lina makovu, hayo hayatoki, lakini linafanya kazi."

"Mbona hakunipigia mwenyewe?"

"Anasema amechoka kuapa."

Nesrin alilia palepale kibandani, wateja wakimtazama. Kisha akapiga.

"Nilikukosea, Tuncay."

"Ndiyo."

"Huna hata neno tamu?"

"Lilikuwepo. Limeunguzwa na ini la Sevim."

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Basi walete wazee wako kwetu."

Walikuja na maua na chokoleti, Tuncay akiwa na suti ya kijivu iliyomlegea mabegani. Kwetu msichana anayeposwa humtilia mposaji chumvi kwenye kahawa, naye huinywa bila kukunja uso, ili ionekane kwamba atavumilia. Tuncay akaonja.

"Umesahau chumvi, mpenzi."

"Umekatazwa chumvi. Na hiyo nilikwisha kukunywesha tangu kiangazi."

Wazee wakacheka. Hapo simu ya Tuncay ikalia: wakati wa dawa. Alitoa vidonge mfukoni, akaviweka kiganjani, mkono ukitetemeka, akamtazama Nesrin akisubiri kukaguliwa.

Nesrin alimsogezea glasi ya maji, akachukua sinia, akarudi jikoni bila kugeuka nyuma.