Chemsha Plaiwudi Kwanza

Kila asubuhi Rodah na mumewe Kiplangat walichuma chai, kisha wakapeleka majani kituoni ng'ambo ya bwawa. Mvua ikabomoa daraja. Njia ya kuzunguka ni ndefu, na majani yalifika yameungua kwa joto ndani ya gunia. Karani akayakataa.

Kiplangat akaamua kuunda boti. Dukani Silibwet aliomba plaiwudi ya "marini". Alisikia neno hilo ni la baharini, akaliamini. Kumbe madukani humo ni jina la ubao wa kumwagia zege.

Boti ilielea wiki nzima. Kisha, katikati ya bwawa, tabaka za sakafu ziliachana, boti ikazama. Kiplimo, mdogo wake Kiplangat, alikuwa ndani peke yake. Walimzika mvua ikinyesha.

Baada ya matanga, Rodah alimkuta mumewe akipima kipande cha plaiwudi kilichobaki, aunde boti nyingine.

"Baba Chero, unataka kutuzika na sisi?"

"Na mama yangu atafika kliniki ng'ambo aje? Hii ni marini!"

Rodah alimwita jirani yao Mongina, aliyewahi kuunda boti Homa Bay.

"Marini ni jina tu ya hardware," Mongina alisema. "Hii inang'aa nje, lakini gundi ya ndani ni mbaya. Rodah, leta sufuria."

Walichemsha kipande kidogo kwa saa nzima, wakakikausha. Kiplangat alikibonyeza. Kikafunguka kama chapati.

Akaketi chini. "Sufuria moja tu ya maji," alisema, akalia.

Mongina alimwacha alie. Kisha akasema, "Pole, ndugu yangu. Si lazima ununue ya bei ya juu. Omba vipande vya aina tofauti, uchemshe. Ile haiachani ndiyo yako. Angalia ukingo pia. Ukiona mashimo katikati ya tabaka, wacha hiyo. Ukimaliza kuunda, ziba kingo zote na upake rangi. Maji hupenda kuingilia hapo."

Walipata ya bei nafuu, isiyong'aa, lakini ilistahimili kuchemshwa. Waliunda boti mpya, wakafunga mitungi mitupu ubavuni iisaidie kuelea. Kila abiria huvaa jaketi la kuokolea. Sasa majani hufika kituoni yakiwa mabichi.

Siku ya kliniki, mama yake Kiplangat alisimama ukingoni mwa bwawa.

"Mlichemsha?" aliuliza.

"Tulichemsha, mama."

"Kiplimo hamkumchemshia," alisema. Akamshika mwanawe mkono, akaingia botini.