Mgeni wa Mwalimu Kengele

Sogeeni. Wewe uliyeegemea mlango, toka hapo, njoo ukae huku na wenzako. Mwenye simu aizime, tena asiizime nusunusu. Aizime kabisa, ailaze kifudifudi. Haya. Wa kukohoa akohoe sasa amalize, maana hadithi hii ina mtu anayesikiliza, na sitaki tuchanganye pumzi zetu na zake.

Alikuwapo mwalimu mmoja, mwanamke wa makamo, watoto wakimwita Mwalimu Kengele. Walimwita hivyo kwa mapenzi. Akisema "fungueni ukurasa wa kumi" kwenye darasa la pili, darasa la tano kule ng'ambo ya uwanja nao wanafungua. Ile sauti ndiyo ilikuwa mali yake. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee, binti, aliolewa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nyumbani mlibaki meza moja na viti viwili: chake, na cha marehemu. Kile cha marehemu hakikuwa kikikaliwa na mtu. Alikuwa akikifuta vumbi asubuhi na kukirudisha chini ya meza.

Upweke wake ulikuwa wa jioni. Mchana ana watoto mpaka wanamkanyaga miguu, lakini jioni anarudi na kisa kizuri cha darasani, anageuka akisimulie, hakuna wa kusimuliwa. Kisa kinamlalia kinywani. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimpa nguvu: binti alikuwa mjamzito, na walikubaliana aje kujifungua kwa mama yake. Chumba kilishapakwa rangi, kitanda kimetandikwa, neti imetundikwa.

Basi mkuu wa shule akatoa tangazo: kila mwalimu ajifunze zana za mtandaoni, za kufundishia na za kurahisisha maisha yake mwenyewe. Wazee wakaguna. Aliyepewa kazi ya kuwaelekeza alikuwa mwalimu kijana, mwembamba, mifuko yake imejaa nyaya za kuchajia, ndiyo maana wote wakamwita Waya.

"Mama, tazama," Waya akamwambia, wamekaa na kompyuta ndogo ya shule. "Hii inakutungia maswali ya mazoezi. Hii inakukumbusha ratiba yako, hata siku ya kunywa dawa."

"Sinywi dawa. Usinizeeshe."

"Basi ya kunywa chai. Na hii ndiyo tamu: chumba cha darasa. Unakifungua ukiwa kwako, watoto wanaingia wakiwa kwao, mnaonana."

"Wanaingiaje?"

"Wanabisha hodi. Hapa itaandika 'kuna mtu anasubiri', na jina lake. Ukimjua, unabonyeza 'ruhusu'. Asiye na jina, mama, usimruhusu."

"Waya, mimi nimeanza kufundisha wewe hujaota meno. Leo nishindwe kufungua mlango?"

Wakacheka, Mwalimu akaondoka na kompyuta kwenda nayo nyumbani kujaribu.

Jioni hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. Alifungua kile chumba, akajiona usoni kwenye kioo cha kompyuta, akajirekebisha kilemba. Hakuna mwanafunzi. Akaanza tu kufundisha hewa: "Haya watoto, leo tunatoa. Ana maembe sita, amekula mawili..." Mara pakaandikwa: kuna mtu anasubiri. Jina halikuwapo. Mahali pa jina palikuwa peupe.

Darasani kwake alikuwa mkali kwa jambo hilo hilo. Mtoto akisikia hodi, kwanza aulize "nani?", ndipo aseme karibu. Lakini jioni ile moyo wake ulikuwa na kiu ya mtu. Akabonyeza. Na kwa mazoea, kama mtu yeyote anayepokea mgeni, akasema kwa sauti yake yote, "Karibu, karibu, pita ukae!" Mguu wake nao, bila kuutuma, ukakivuta kile kiti cha pili kutoka chini ya meza.

Kikatokea kiboksi cheusi pembeni ya uso wake. Hakuna picha. Kulikuwa na pumzi tu, za mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Umechelewa, lakini si neno," akasema Mwalimu. "Maembe sita, amekula mawili." Akafundisha somo zima. Kile kiboksi hakikusogea wala kukatika. Na mnajua, watu wangu, alilala na furaha.

Asubuhi Waya akamuuliza, "Ulijaribu?"

"Nilijaribu. Nikapata mwanafunzi mmoja, mtulivu ajabu."

"Nani tena? Anwani ya chumba chako sijampa mtu."

"Labda alikosea mlango."

Waya akakuna kichwa. "Mlango wenyewe hauonekani, mama, mpaka mtu aelekezwe. Kifunge tu, nitakufungulia kingine."

Alisema atakifunga. Jioni akakifungua. Na jioni iliyofuata. Hakufundisha tena, alikaa akisimulia. Mtoto aliyeficha chura kwenye dawati, mkuu aliyevaa koti ndani nje siku nzima asiambiwe na mtu. Akakiambia kiboksi habari za marehemu, za chumba kilichopakwa rangi, na za binti anayekuja. Kiboksi kikipumua. Wakati huo nyumba ilishaanza kunuka chaki iliyoloa, harufu nzito inayokwama kooni, naye akafikiri ni nguo zake za kazini, akazifua, akazianika, na harufu ikabaki palepale, upande wa kiti cha pili.

Siku aliyosimulia tena kile kisa cha chura, kiboksi kikacheka. Mwalimu akaganda. Kicheko kilikuwa chake mwenyewe. Kilipanda pale kinapopanda chake, kikakatika pale kinapokatika chake.

Tangu hapo kikawa kinammalizia maneno. Yeye anaanza "basi nikamwambia yule mtoto..." na sauti yake, ile ya kengele, inatoka ndani ya kompyuta na kumalizia. Na asubuhi anaamka koo limekauka. Akasimama darasani akasema "habari za asubuhi" ikatoka kama mlango mbovu. Watoto wakacheka, wakadhani anatania. Aliporudia, hawakucheka. Hospitali wakamchungulia koo, wakamwambia ni uchovu, apumzishe sauti. Akawa anaandika ubaoni tu, watoto wake wakimtazama kimya, na ule ukimya wa watoto ndio uliomuuma.

Sasa sikilizeni vizuri. Mchana mmoja, yupo shuleni, simu yake ikalia. Binti. Analia.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Kwa nini?" akakwaruza.

"Jana umenipigia, kamera umezima, ukaniambia nisije. Juzi pia. Eti chumba kimeshapata mtu. Eti mimba yangu niilee kwa wakwe." Ndipo ile sauti mbovu ikamshtua. "Halo? Wewe ni nani?"

"Ni mimi..."

"Wewe si mama. Mama nimeongea naye jana, sauti yake naijua. Nani ameshika simu ya mama yangu?"

"Mama, ni mimi," akanong'ona, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Simu ikakatwa.

Alitoka shuleni bila mkoba, bila mwavuli, mvua ikimpiga mgongoni, akapita mitaa ile ile anayoipita kila siku, duka la vifaa, kibanda cha fundi viatu, na watu wakimsalimia naye hawezi kuitika, na alipofika mlangoni kwake na kutia ufunguo akasikia ndani watu wanazungumza, yaani mtu mmoja, mwanamke, sauti tamu inayolia kama kengele, sauti aliyoamka nayo tangu utoto, inasema taratibu na kwa huruma, "Usije, mwanangu, usijisumbue, mimi nina mtu wa kukaa naye, tena hataki kelele za mtoto," na alipousukuma mlango akaikuta kompyuta iko wazi mezani ingawa aliiacha imefungwa kabatini, na kiti cha pili kimevutwa, na juu ya kiti, pale pa kukalia, mbao zimebonyea kidogo kidogo kama godoro lenye mtu.

Alimkimbilia Waya. Waya akaja, akajikaza, akakaa mbele ya kompyuta akibonyeza huku jasho likimtoka. "Nimekifuta chumba chote, mama. Angalia, hakipo."

"Waya," ikasema kompyuta kwa sauti ya Mwalimu, "umenyeshewa, mwanangu. Nenda kwenu ukabadili nguo."

Waya alikwenda. Kiatu kimoja kilibaki. Lakini tusimcheke sana, maana kesho yake alirudi, tena na mganga: shangazi yake, mwanamke mnene mwenye goti bovu, aliyeingia akilaumu ngazi kabla ya kulaumu jini.

Mganga hakutoa mizizi wala kufukiza kitu. Alisimama mbali na kiti cha pili, akamuuliza Mwalimu kwa sauti ya chini, "Alipobisha, uliuliza nani?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Ulimwambiaje?"

"Karibu," akanong'ona. "Pita ukae."

"Na kiti ukampa?"

"Nikampa."

Mganga akashusha pumzi. "Basi hajakuvamia. Huyu ni mgeni wako. Nikimfukuza atanicheka, maana ana haki ya kukaa. Mgeni huagwa, akasindikizwa. Ila aagwe kwa sauti iliyomkaribisha."

"Shangazi," Waya akanong'ona, "sauti si anayo yeye?"

"Ndiyo maana kaichukua. Unafikiri ni mjinga?"

Wakakaa hivyo, watu watatu kwenye chumba kimoja, hakuna anayetaka kutazama kiti. Giza likaanza kuingia. Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi!"

Kabla Mwalimu hajafungua kinywa, kompyuta ikajibu, "Hakuna mtu!"

Mlango ukasukumwa hivyo hivyo. Binti, tumbo mbele, begi begani, miguu imemvimba kwa safari. Akamtazama mama yake aliyekonda, akatazama kompyuta, akaelewa.

"Mama ananiita 'mama' tangu nazaliwa," akasema. "Yule wa jioni ameniita 'mwanangu' mfululizo, siku zote hizo. Aliyeniita 'mama' ni yule wa sauti mbovu. Nikalala nikiwaza hilo, alfajiri nikapanda basi."

Mganga akainuka, goti na yote. "Sema tena. Sema chochote."

"Niseme nini?"

Na kweli, ilikuwa kengele ile ile. Tangu usichana wake, watu wakipiga simu pale nyumbani walikuwa hawajui wanaongea na mama au binti.

Mganga akampa maneno sikioni. "Useme hayo, halafu kwaheri. Kwaheri tu. Mtu yeyote asiongeze neno."

Binti akashika tumbo lake, akakigeukia kiti. "Mgeni, ahsante kwa kututembelea. Wenyewe tumerudi. Mazungumzo yamekwisha. Inuka tukusindikize."

Muda mrefu hapakuwa na kitu, mvua tu. Kisha kiti kikalia, kile kilio cha kiti kinachoachwa na mtu mzito, na harufu ya chaki iliyoloa ikapita katikati yao, ikamgusa kila mmoja usoni kama kitambaa kibichi, ikaelekea mlangoni, wakaifuata, Mwalimu amekumbatia kompyuta iliyo wazi, kiboksi cheusi kikiwaka weusi wake ndani ya mwanga, mganga akichechemea, Waya akiwa nyuma kabisa, wakashuka ngazi, wakapita milango ya majirani iliyokuwa ikijifunga mmoja mmoja mbele yao bila mtu kuigusa, mpaka mwisho wa mtaa, pale taa ya mwisho inapoishia na barabara kuendelea peke yake.

"Kwaheri," akasema binti.

Kompyuta ikazimika. Na Mwalimu akaisikia sauti yake ikimrudia, ikimpanda kifuani kama maji ya moto, yote, nzima.

Alitazama ile barabara. Alijua kurudi jioni mahali pasipo na mtu kulivyo. Akamwonea mgeni huruma. Au tuseme ni mazoea tu ya mtu aliyelelewa vizuri, sijui. Lakini neno la kwanza alilolitoa kwa sauti yake ile, likasikika mtaa mzima, lilikuwa:

"Karibu tena!"

Mganga akajishika kichwa. Aligeuka akaenda kwake, na malipo hakuchukua.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike, akakaa hapo hapo, mumewe akamfuata baadaye. Nyumba ikajaa nepi na kelele. Mwalimu alifundisha mpaka akastaafu, na darasa la tano waliendelea kufungua kurasa zisizowahusu. Akafa mtu mzima, kitandani, mkono wake umeshikwa na binti yake.

Waya alirithi darasa la pili, na mpaka leo hafungui chumba chochote cha mtandaoni bila kuuliza "nani?" kwa sauti, watoto wakimcheka. Kile kiatu kilichobaki alikirithi mbwa wa jirani. Ile kompyuta imefungiwa kwenye kabati la shule, hakuna aliyeitaka. Binti alirithi nyumba, meza na viti viwili.

Na yule mjukuu alirithi sauti. Kengele tupu. Ni mtoto mzuri, mtulivu, hasumbui mtu. Ila jioni, watu wote wakiwa jikoni, yeye huenda mezani peke yake, na kabla hajakaa kwenye kiti chake, hukivuta kwanza kile cha pili kwa mguu, taratibu, kisha akasubiri kidogo, kama mtu anayemwacha mwenzake atangulie kukaa.