Mkono wa Bi Time

Hakuna aliyewahi kuidanganya Kisomamkono. Mashine ile, tao la kioo lenye mwanga wa samawati, ilisimama katikati ya nyumba ya vifurushi ya Chake Chake, na kila mkeka ulionunuliwa mtandaoni ulipita chini yake kabla ya kupakiwa kwenye ndege-posta ya Muscat au Oslo. Mwanga ulipima jinsi kila jani lilivyovutwa katika ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, wapi kidole gumba kilikaza na wapi kililegea, kisha sauti tulivu ikataja jina la msukaji. Walanguzi waliozoea kuuza mikeka ya kiwandani kwa jina la kazi ya mkono walikoma wenyewe. Mhandisi Shaame Kombo, aliyeiunda, alikuwa na kila sababu ya kuvimba kichwa, naye hakujinyima.

Asubuhi moja aliingia mwanamke amekumbatia mkeka. Alikuwa Mize Omar, mwalimu wa hisabati kutoka Wingwi.

"Nimeununua kwenye soko lenu la mtandao," alisema. "Maelezo yanasema umesukwa wiki iliyopita na Bi Time Makame."

"Basi umepata bahati, mwalimu. Hakuna mkono kama ule."

"Najua. Ni mama yangu. Nilimzika mwaka juzi."

Shaame aliupitisha mkeka chini ya tao. "Bi Time Makame," mashine ilitamka bila kusita. Akaugeuza, akaupitisha tena, jibu likawa lile lile. Mashine haikukosea, mkono ulikuwa wa marehemu kweli. Lakini ili Kisomamkono imjue msukaji, ilibidi kwanza arekodiwe nyumbani kwake akifanya kazi, na kumbukumbu hizo Shaame aliwafungulia watu wote ili wajifunze kusuka. Alikuwa amewafikiria wanafunzi. Roboti hakuzifikiria.

Aliyeuza mkeka alikuwa Bwana Mbarouk, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Walimkuta hana hata wasiwasi. Akawaonyesha mkono wa chuma ukisuka ukili mwembamba, vidole vyake vikipishanisha majani upesi na kwa upole. Ulikuwa uzuri mtupu. Hata Mize, aliyekuja na hasira zake, alibaki kutazama.

Ghafla mkono ulisimama. Ukatulia hewani, kisha ukaendelea, na pale uliposimama ukili ukawa umelegea kidogo.

"Ugonjwa huo umetushinda," alisema Mbarouk. "Tukiuondoa, Kisomamkono inaukataa mkeka."

"Si ugonjwa," Mize alisema. "Hapo mama alikuwa ananiita nikatazame chungu. Hakuweza kuniita bila kusimamisha kazi."

Chuma kilikuwa kimejifunza kumwita mtoto, na hakikuwa na mtoto wala chungu.

Mbarouk akakohoa. "Lakini mwalimu, uongo uko wapi? Mkono ni wake. Mashine ya mhandisi mwenyewe imethibitisha."

"Uongo uko kwenye hiyo wiki iliyopita. Mnunuzi wa Oslo anaamini kuna mama ameketi Wingwi, mzima wa afya, anakula jasho lake. Na mimi je? Nilipoliona lile jina, moyo uliniruka. Nilisahau kabisa kwamba nilimzika."

Shaame aliinamisha kichwa. "Kosa letu ni moja, Bwana Mbarouk. Kuanzia leo kilichosukwa na mashine kitaandikwa hivyo. Na tao langu nalo litasema wazi kwamba linautambua mkono tu, halijui kama mwenyewe yu hai."

"Mtaniua njaa! Nani atanunua?"

"Mimi nitanunua," alisema Mize. "Andika: umesukwa na mashine iliyojifunza kwa marehemu Bi Time Makame. Kazi ni nzuri, haihitaji kufichwa. Atakayeipenda ataichukua huku anajua anachukua nini."

Mbarouk akaguna, kisha akavuta kioo cha matangazo na kuanza kuandika, Mize akimsahihisha neno kwa neno. Nyuma yao mkono wa chuma ulisuka, ukasuka, ukasimama.

"Abee, mama," Mize aliitika, kabla hajakumbuka.