Raba za Mke wa Fundi Viatu

Nisikilizeni nyote, wenye nyumba na wapangaji, mliooa na mnaojidai hamtaki. Jambo hili limetokea ukuta mmoja na mimi, na ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Jirani yangu ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani kwake. Mkewe ni mshonaji wa nguo. Yeye na wenzake tisa wanashona katika chumba kimoja cha kupanga. Miaka sita sikuwahi kusikia sahani ikirushwa kwao. Nyumba tulivu, hata panya wake walitembea kwa adabu.

Jioni moja mke akamwambia mumewe, "Mume wangu, mwezi ujao sisi washonaji tutapanda kile kilima cha mawe. Tunakwenda asubuhi, jioni tumerudi."

Mume alikuwa anapigilia soli, misumari mdomoni. Akajibu, "Mh."

Mke akaridhika. Enyi wanawake, "mh" ya mwanamume mwenye misumari mdomoni si jibu!

Washonaji wale walijiwekea sharti: hakuna kukimbilia dukani, kila mtu afungashe alichonacho. Basi mama yule akashona begi kwa gunia la mchele, mikanda akaijaza sponji ya godoro kuukuu isimkate mabega. Akalitundika nyuma ya mlango, akawa analijaza kidogo kidogo: chupa za juisi alizoziosha za kubebea maji, tochi, filimbi, kamba, soksi za ziada, chumvi na sukari kwenye karatasi. Mfuko mkubwa wa taka aliutoboa tundu la kichwa, ukawa koti la mvua. Mwanamke ana akili, jamani.

Mume akaliona begi. Hakuuliza. Kila siku alilipekua, na kila siku alikuta kimeongezeka kitu. Mwisho akaja kwangu, uso umemshuka.

"Bibi, mtu anayefungasha kamba, tochi na soksi anakwenda wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, ulimi ukaniwasha. "Mjukuu wangu, kisimani haendi."

"Bibi, umeona nini?"

"Mimi? Macho yangu mazee haya, yanaona cha kuona tu."

Sikuwa nimeona kitu! Nilitaka kucheka kidogo, siku ipite. Lakini shuku ni kama chawa: leo umempa mtu chawa mmoja, kesho ana ukoo mzima.

Kilichommaliza kabisa ni raba. Raba za mkewe zilikuwa zimeachia soli, zikakaa miezi mitatu chini ya rundo la viatu vya wateja. Mganga hajigangi. Sasa anazikuta ndani ya begi, soli imeshonwa imara, tena kwa mkono usio wake! Fundi viatu anaujua mshono wa fundi mwenzake kama mnavyoijua ninyi sauti ya mama mkwe. Ulikuwa mshono wa yule fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mtanashati.

"Kumbe!" nilimsikia akisema peke yake. "Ndiyo maana!"

Alilofanya baada ya hapo aliliungama mwenyewe baadaye. Alichukua wembe, akaukata uzi wa soli ya kulia mahali pasipoonekana. Hesabu yake ilikuwa kwamba soli itaachia stendi, mke atarudi nyumbani akichechemea na aibu yake.

Soli haikuachia stendi. Iliachia juu kilimani wakati wa kushuka, kwenye mwamba unaoteleza. Mama yule akaporomoka kama kiroba. Wenzake walipuliza filimbi mpaka wachunga mbuzi wakasikia, wakaufunga mguu kwa vijiti na ile kamba, wakamteremsha. Hospitali wakasema mfupa umevunjika sehemu mbili.

Tulipofika wodini, mume mbele mimi nyuma, washonaji walikuwa wanafoka. "Fundi wa ng'ambo alitaka kutuulia mwenzetu! Kesho tunamtoa kibandani mzobemzobe!"

Mume akawa anahesabu vigae vya sakafu. Nami nilishaanza kunusa jambo.

Mgonjwa akasema, "Hebu nipeni hiyo raba." Akaigeuza, akaukagua uzi kama anavyokagua pindo la gauni la bibi harusi. "Uzi uliochoka huacha manyoya. Huu ncha zake safi. Umepita wembe." Akamtazama mumewe. "Kwa nini?"

"Nilidhani unaniacha," mume akasema. "Begi lile... na raba kashona yule."

"Safari nilikwambia. Raba nilikuomba mara tatu."

"Ungenikumbusha, mke wangu."

"Nawe ungeniuliza. 'Unakwenda wapi?' Ingekutoa meno?"

Hakupiga kelele. Ndipo nilipoogopa. Siku ya kuruhusiwa, gari la dada yake mkubwa lilimfuata. Mume alikuwa amesimama getini na magongo aliyomchongea kwa mkono wake.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Leo umeuliza," akasema. Magongo akayapokea, mlango wa gari akaufunga.

FUNZO

Ukiona begi nyuma ya mlango, muulize mwenye begi. Usilipekue, wala usimuulize jirani. Anayechunguza bila kuuliza hupata alichokwenda kukitafuta, na kama hakikuwepo, atakitengeneza mwenyewe. Mwenzako akisema nawe, tema misumari kwanza umsikilize.

Na ninyi wazee wenzangu mnaopenda kuchekesha, mkiulizwa mmeona nini, semeni ukweli. Mimi nilitakiwa niseme, "Sikuona kitu." Ni maneno mawili tu, nayo yangeokoa mguu wa mtu.