Ndoo Isiyo na Tundu

Nyumba ya Nasambu katika mtaa wa Tena jijini haikukosa mgeni. Ilikuwa ghorofa ya tatu, lakini watu walizipanda ngazi kana kwamba juu kuna harusi. Huyu alikuja kumsuka Nasambu nywele. Yule alikuja kuazima pasi. Mwingine hakuwa na shida yoyote, alisikia tu kicheko akafuata. Nasambu aliwapokea wote, na sufuria ya chai haikutoka motoni.

Jumamosi moja, nyumba ikiwa imejaa hivyo, simu ililia. Alikuwa mama mkwe wake, Mama Nerima, akipiga kutoka Bungoma. Nasambu alikuwa akimnyonyesha mtoto wake, Kweyu, kwa hiyo akaiweka simu kwenye spika. Wageni wakatega masikio.

"Nitakuja kwa ubatizo wa Kweyu," Mama Nerima alisema. "Lakini nitakuja na chakula changu."

Kila mtu chumbani alijua chanzo cha maneno hayo. Safari iliyopita, Mama Nerima aliandaliwa sukuma wiki. Akauliza, "Imelimwa wapi?" Hakuna aliyejua. "Imemwagiliwa maji gani?" Hakuna aliyejua. Basi akaisukuma sahani kando, akaishi kwa chai na mkate, na kabla wiki haijaisha akarudi kwake. Alipofika nyumbani alitangaza kwamba mkazamwana wake hulisha watu majani yasiyojulikana ukoo.

Nasambu alipoyakumbuka hayo, ulimi ulitangulia akili.

"Mama, wewe njoo mikono mitupu! Utakula mrenda na kunde za mlangoni mwangu."

"Mlangoni? Huko ghorofani?"

"Mlangoni, Mama."

"Haya. Nakuja nione."

Simu ikakatika. Wageni wakamtazama Nasambu. Kwenye balkoni yake hakukuwa na hata jani la kufukuzia nzi.

"Mwenzetu," msusi wake akamwambia, "si ungesema tu utachinja kuku?"

Lakini neno likishatoka halirudi. Mumewe Wasike, kibarua wa kiwandani, akaenda kuomba udongo kwenye mjengo mmoja uliokuwa ukichimbwa msingi kule Njiru. Alirudi na magunia mawili ya udongo mweusi ti.

"Tazama weusi huo," alisema, akijifuta jasho. "Humu hata ukipanda msumari utaota."

Wakaujaza kwenye ndoo kuukuu. Msusi akauliza, "Hutoboi matundu chini?"

"Nitoboe?" Nasambu alishangaa. "Maji ya mfereji yanakuja Alhamisi peke yake. Siku nyingine nanunua kwa mtungi. Kisha niyafungulie mlango yaondoke? Bado nina akili zangu!"

Mbegu ziliota, na nyumba nzima ikafurahi. Kila mgeni aliyeingia alichota kikombe cha maji akamwagia, kama mtu anayesalimia mtoto. Alhamisi Nasambu alijaza ndoo mpaka juu, ili maji yatoshe wiki nzima.

Mara majani yakageuka manjano. Nasambu akadhani ni kiu, akaongeza maji. Miche ikalala. Ndoo zikaanza kunuka. Wapangaji wote wa ploti ile wakaanza kusema: "Mmesikia? Shamba la Mama Kweyu limefiwa."

Habari hizo zilimfikia Mama Mbeti wa ghorofa ya chini, ingawa ni ajabu kwamba hazikuanzia kwake. Mama Mbeti ni mtu wa Kitui, na hujua habari za kila mlango kabla ya wenye mlango. Alipanda ngazi taratibu, mkono kiunoni.

"Hodi! Nimekuja matanga."

"Cheka tu, Mama Mbeti," Nasambu alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mama mkwe anakuja. Akikuta balkoni tupu, safari hii hatanisema Bungoma peke yake. Atanisema mpaka mbinguni."

Mama Mbeti akaacha kucheka. Akachovya kidole kwenye udongo, akakinusa, akakunja uso. Kisha akaiinamisha ndoo juu ya beseni. Maji meusi yenye uvundo yakatoka, tena mengi. Akang'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama uji.

"Huu haukufa kwa kiu," alisema. "Umeuzamisha. Mizizi inapumua, Mama Kweyu, kama wewe na mimi. Maji yakikosa pa kutokea, hewa inakosa pa kuingia."

"Lakini nikitoboa, maji yatapotea!"

"Nyinyi watu wa Bungoma, mvua imewadekeza! Sisi kwetu Kitui tone la maji lina jina. Nani kakuambia yapotee? Weka ndoo juu ya vipande viwili vya mbao, na chini yake beseni. Yanayotoka unayakinga, kesho unamwagia tena. Hununui maji mapya, na nguo zangu kwenye kamba hazidondokewi na matope."

Nasambu akalivuta beseni karibu. Tangu asubuhi hilo ndilo neno la kwanza kumwingia.

"Na udongo huu?" Mama Mbeti aliendelea. "Huu ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka kama kisigino. Weusi si rutuba."

Wasike akajifanya anamtafuta mtoto.

Siku hiyohiyo kazi ilianza, na kama kawaida ya nyumba ile, watu walikuwa wengi. Wasike alishika msumari mrefu kwa koleo, akauchoma kwenye jiko la makaa, akatoboa matundu chini ya kila ndoo. Mama Mbeti akaonyesha mchanganyiko: karai moja la udongo, karai moja la mchanga, karai moja la mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri.

"Mbolea mbichi inaunguza miche," alionya. "Ngoja ioze mpaka iache kunuka."

Wasike, akitaka kurudisha heshima yake, akaleta debe kubwa la bluu.

"Hili lilibeba nini?" Mama Mbeti aliuliza.

"Dawa ya kusafishia mashine. Lakini nimeliosha!"

"Baba Kweyu, sumu haiogeshwi. Tumia vyombo vya chakula tu, vya mafuta ya kupikia au vya asali. Na usipange ndoo juu ya ukuta wa balkoni. Ikianguka, tutakuwa na matanga ya kweli."

Mbegu za mrenda Nasambu alizijua mwenyewe. Alizifunga kwenye kitambaa, akazichovya kidogo kwenye maji moto ziamke, kama alivyofanya mama yake. Mama Mbeti akatikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akaleta miche ya maua ya rangi ya chungwa, yenye harufu kali.

"Maua tena? Yanaliwa?" Nasambu aliuliza.

"Yanaliwa na macho. Na wadudu wengine hawaipendi harufu yake."

Kisha ikatoka amri kwa wageni wote: hakuna kumwagia bila kupima. Chovya kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagia asubuhi. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, ya sabuni na dawa ya madoa hayafai. Juu ya udongo wakatandika maganda makavu ya mahindi, jua lisinyonye maji. Vikombe vikapungua. Vidole vikazidi.

Na miche ikainuka! Kunde zilitangulia, mrenda ukafuata. Nasambu alichuma majani ya pembeni akaacha moyo wa mche, na majani mapya yakaja. Maua yakafunguka, na watu wa ploti ya mbele wakaanza kupigia picha balkoni yake.

Mama Nerima aliwasili siku mbili kabla ya ubatizo. Hakuketi. Alienda moja kwa moja kwenye balkoni, wageni wakamfuata nyuma kama maandamano. Akainama. Akalisugua jani la mrenda kati ya vidole, akalisikia lilivyoteleza. Akachungulia chini ya ndoo, akaona beseni.

"Maji haya ni ya wapi?"

"Ya mfereji, Mama. Yakitoka hapo narudisha juu."

"Na mbolea?"

"Ya mbuzi. Imeoza miezi."

Mama Nerima akafunga leso kiunoni, akachuma mwenyewe. Mrenda na kunde vikapikwa chungu kimoja kwa magadi kidogo. Ugali ukasongwa. Akala polepole, nyumba nzima ikihesabu matonge yake. Alipomaliza, aliisukuma sahani mbele.

Nasambu akashika kifua.

"Ongeza," Mama Nerima alisema.

Lo! Vigelegele vilivyopigwa hapo, ploti ya tatu walidhani mtoto amezaliwa. Mama Mbeti alicheza mpaka leso ikamdondoka.

Ubatizo ulipita salama. Jumatatu Wasike akaja na tiketi ya basi ya mama yake. Alimkuta balkoni, amekunja mikono ya gauni, akitoboa ndoo kwa msumari wa moto, huku wanawake wanne wa ploti wakimtazama, kila mmoja na ndoo yake.

"Mama, gari ni kesho asubuhi."

"Mwambie dereva atangulie," Mama Nerima alijibu bila kugeuka. "Mimi na Mama Kweyu tuna kazi hapa."