Nyayo Juu ya Boneti

Paka alikutwa saa moja asubuhi kando ya beseni la dobi, ulimi nje, miguu imekakamaa kama ya kigoda kilichopinduliwa.

Inspekta alimtazama, kisha akamgeukia aliyepiga simu kituoni. Alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, mwenye kitambi, kavaa fulana ya ndani na suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Hata salamu hakutoa.

"Afande, kesi nyepesi hii. Dobi ana dawa ya kung'arishia nguo. Paka kanywa maji ya beseni, kafa. Nimempa mpaka saa sita atoe virago vyake. Wewe andika tu."

"Niandike tu," Inspekta alirudia. Miaka kumi na tisa kazini, mwanamke mzima, na bado wapo waliomwona kalamu yao.

Dobi alikuwa kajibanza ukutani, vidole vimekunjamana kwa maji. Chumba cha nyuma alicholala na wanawe watatu ndicho kilichokuwa kikimponyoka. "Mama, maji yale hayana dawa. Ndiyo kwanza nilikuwa naloweka, Mwenyekiti akaja juu, akanikataza kugusa chochote."

Mwenye paka, bibi wa chumba cha tatu, alikaa juu ya ndoo.

"Huyu dobi, mwanangu huyu, ndiye humpa paka maji nikienda kliniki. Amuue ili iweje?"

"Bibi, wewe macho yako hayaoni vizuri," Mwenyekiti alidakia.

"Wewe nakuona."

Daktari wa mifugo, aliyekuja na Inspekta, alivaa glavu, akafunua mdomo wa paka. "Hakuna palipoungua. Dawa ya nguo ingemuunguza. Ila angalia hapa."

Katikati ya vidole vya miguu mlikuwa na unga wa buluu. Hata ulimini.

"Sumu ya panya. Hakulishwa. Kaikanyaga, kisha kajilamba. Paka havumilii miguu michafu."

Inspekta alitia unga kidogo kwenye mfuko wa vielelezo. "Bibi, paka wako alipenda kulala wapi?"

"Juu ya gari la Mwenyekiti. Jua la asubuhi linaanzia pale."

Gari lenyewe lilikuwa pembeni ya ua, jekundu, matairi yote hayana upepo. Miaka minne halijasogea hata kwa kusukumwa, lakini kila Jumamosi lilioshwa kama bwana harusi. Leo ilikuwa Jumatano. Paa lilijaa vumbi. Boneti inang'aa.

"Mwenyekiti, leo umeosha boneti peke yake?"

"Ni kosa mtu kuosha gari lake?"

"Si kosa. Ila umeosha kivivu."

Akainua wipa. Chini yake, mstari wa buluu.

"Hiyo ya... ya panya."

"Panya wa juu ya boneti?"

Dobi alicheka kwa pua, akajiziba mdomo.

Mwenyekiti akavimba, kisha akapasuka. "Alikuwa ananikanyagia gari! Kila siku nyayo, nyayo! Watu wanapita wanacheka. Mimi ni kiongozi hapa!"

"Ukamsingizia dobi."

"Paka mwenyewe kaenda kufia kwake! Mimi ningefanyaje?" Alisema hivyo kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni.

Inspekta alimtazama kama anavyotazamwa mende kwenye sukari. "Kuua mnyama kwa sumu, na kutoa taarifa ya uongo polisi. Twende."

"Niende na fulana? Watu wanione?" Akamgeukia dobi bila kumwangalia usoni. "We, shati langu jeupe liko wapi?"

"Kwenye beseni, Mwenyekiti."

"Likamue, haraka!"

Dobi alimwangalia Inspekta.

"Usiliguse," Inspekta alisema. "Beseni hilo lina sumu. Mwenyekiti kanihakikishia mwenyewe."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka, na machozi yake yakatoka hapo hapo.

Mwenyekiti alijikokota kuelekea getini. Alipolifikia gari lake, akajishikiza kwenye boneti. Alipoondoka, kiganja chake cha jasho kilibaki pale, vidole vyote vitano.

Hakuna aliyekifuta.