Uvimbe Usiouma

Mtu na dada yake walikuwa mafundi cherehani. Walishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mkubwa alikata vitambaa, mdogo alishona. Kutwa walitaniana.

Siku moja mkubwa aliacha kukata. Alikuwa ameshika titi la kushoto.

"Hebu nipapase hapa."

Mdogo akapapasa. Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya harage.

"Kinauma, dada?"

"Hata kidogo."

"Basi si kitu. Ni maziwa yaliyoganda ulipomwachisha mtoto. Nitakukanda."

Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la pili. Hakuna aliyefikiria hilo.

Kila asubuhi mdogo alichemsha maji akamkanda dada yake. Miezi tisa ikapita. Uvimbe ukakua. Ngozi ikabonyea ndani, kama kitambaa kilichovutwa na uzi. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, hata kusimama mezani akashindwa. Ndipo walipokwenda hospitali.

Ilikuwa saratani. Ilishafika kwenye mifupa.

"Lakini ulikuwa hauumi!" mdogo alimwambia muuguzi, kama anayegombana.

Muuguzi alivuta kiti. "Mwanzoni mara nyingi hauumi, mama. Titi limejengwa na chembe ndogo mno, zinaitwa seli. Seli hupokea ujumbe. Msichana anapovunja ungo, homoni huziambia: kueni. Akishika mimba: ongezekeni, tengenezeni maziwa. Akiachisha mtoto: basi, imetosha."

"Na saratani?"

"Hapo seli imeharibika. Inasikia 'kua' hata kama hakuna anayeiambia. 'Acha' haiisikii tena. Maji ya moto hayaizuii."

"Kwa hiyo nilikanda bure?"

"Hukujua, mama."

"Nijibu nilichouliza."

Muuguzi alitazama chini. "Ndiyo. Bure."

Dada mkubwa alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Sare alizozikata zilibaki mezani, mikono huku, kola kule.

Muuguzi alimshauri mdogo naye apimwe, kwa kuwa saratani hii wakati mwingine hufuata ukoo. Alikataa mara mbili. "Nikiambiwa mimi ni mzima, nitamtazamaje mtoto wake?"

Mara ya tatu alikwenda. Wakamkuta na uvimbe mdogo. Ukatolewa upesi, ukapimwa maabara: ulikuwa saratani.

"Seli zako zina masikio ya kusikia homoni," muuguzi alimweleza. "Kidonge hiki kitayaziba. Si kila saratani ina masikio hayo, lakini yako inayo. Utameza kila siku, miaka mitano au zaidi. Usikatize bila kumwuliza daktari."

Huu ni mwaka wa nne. Yu mzima, anamlea mtoto wa dada yake. Humwambia kila mwanamke anayekuja kupimwa gauni: "Ukiona uvimbe, ngozi kubonyea, au chuchu kutoa damu, nenda hospitali, hata kama huumwi. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini kinachojua ni kipimo, si vidole."

Juzi mteja mmoja alimkatiza. "Hospitali, hospitali! Si dada yako alikwenda akafa?"

Fundi aliweka mkasi chini.

"Alikwenda amechelewa," alisema. "Na aliyemchelewesha ni mimi."

Asubuhi iliyofuata mteja alikuwa kwenye foleni ya kliniki.